Utepe wa Nne

Kibao cha nishani kilikuwa na tepe tatu, na Mwanaima alikuwa na yakini kwamba zilipaswa kuwa nne. Alikigeuza nyuma, akavipapasa vibanio vyake, akaukung'uta mfuko wa nailoni uliokuja na yunifomu, kisha akapiga magoti na kuchungulia chini ya kochi. Hakuona kitu ila kifuniko cha kalamu. Akarudi kuketi, akalitandaza koti jeupe mapajani juu ya leso safi asije akalitia doa, halafu akainua macho kwenye picha iliyotundikwa juu ya televisheni. Mle pichani mumewe Ghalib alisimama kifua mbele, mwembamba bado, na juu ya mfuko wa kushoto tepe zilipangwa nne, zimegusana. Ule wa mwisho, wa upande wa mkono, ulikuwa wa rangi ya mchanga wenye mistari miwili myekundu.

Gwaride la kuwaaga wastaafu lilikuwa Jumamosi, na ile ilikuwa Alhamisi baada ya adhuhuri. Miaka yote ishirini na sita ya Ghalib katika jeshi la majini, yunifomu ya gwaride ilikaa kambini Mtongwe ndani ya kabati la chuma. Mwenyewe aliipiga pasi huko huko, mwenyewe akapanga tepe zake, akarudi nyumbani Likoni na nguo za kawaida. Wiki hii alikuwa amekabidhi ufunguo wa kabati, na Mwanaima, ambaye hushonea watu nguo hapo barazani pake, alimwomba amwachie kazi hiyo.

"Siku ya mwisho nikuvishe mimi," alimwambia.

Ghalib alicheka, akakubali. Kabla ya kutoka kwenda kusainisha karatasi zake za mwisho alimwelekeza upesi upesi: kibao kikae juu kidogo ya mfuko, katikati yake barabara, utepe wenye daraja kubwa uwe upande wa vifungo, nyingine zifuate kuelekea mkononi. Hakusema ni ngapi.

Mwanaima aliipiga ile picha kwa simu yake, akajitanda buibui, akatoka.

*

Duka la fundi Kamau liko karibu na kambi, dogo, limejaa kofia, mikanda na mashati ya jeshi yaliyotundikwa hadi dari. Askari mmoja kijana alikuwa mbele ya kioo akijaribu kofia. Mwanaima alimwonyesha Kamau simu, akakuza picha kwa vidole.

"Huu wa mwisho umepotea. Nipe mwingine, na kibao cha tepe nne."

Kamau aliishika simu, akaitazama kwa muda. "Mama, hii ni ya operesheni ya ng'ambo ya mpaka. Siwezi kukuuzia hivi tu. Lazima mwenyewe akuje na karatasi."

"Karatasi gani tena? Mume wangu ni sajini mwandamizi, astaafu keshokutwa. Ndiye huyo pichani."

"Namjua, mama. Si ni Ghalib?" Kamau alirudisha simu juu ya meza, akaanza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Ni mtu wangu tangu nifungue hii duka. Mimi ndio humtengenezea kibao." Akapunguza sauti. "Ni tatu, mama. Kila mara ni tatu."

"Labda umesahau."

"Labda," alisema Kamau, kwa upole ambao ulimuumiza kuliko angembishia.

Yule askari kijana aliivua kofia, akamtazama Mwanaima ndani ya kioo, kisha akainama kama anayetafuta bei, mabega yakimtetemeka kidogo kwa kicheko alichokizuia. Mwanaima aliaga vizuri. Alipofika nje alisimama juani, hajui aelekee upande gani, ingawa njia ya kwake ilikuwa moja tu.

*

Ghalib aliporudi alasiri alimkuta mkewe kwenye kochi, koti mapajani, rula na chaki ya fundi pembeni, hajatia hata uzi mmoja.

"Hujamaliza?"

"Nalikwenda kwa Kamau kununua utepe wa nne."

Ghalib aliingia jikoni, akanywa maji bilauri nzima kwa wima, jambo ambalo halikuwa desturi yake, kisha akarudi akaketi kwenye kiti cha mbali.

"Kamau alikwambiaje?"

"Alinambia ni tatu. Kila mara ni tatu. Alinambia mbele za mtu."

Nje muuza maji alipita na mkokoteni wake, madumu yakigongana. Walingoja apite.

"Baba Intisar, mimi si mkaguzi wako. Nataka kujua tu. Uko wapi?"

"Haukuwa wangu," alisema Ghalib. "Nilimshawishi fundi mmoja mjini akaniuzia. Niliubandika kwa pini siku ile ya picha, jioni yake nikaubandua nikautupa baharini, juu ya feri. Kambini sikuuvaa hata siku moja."

"Na vita?"

"Wenzangu walivuka. Mimi sikuvuka. Niliwekwa kambi ya nyuma, upande wetu wa mpaka, kwenye stoo. Miezi saba nahesabu mablanketi na mapipa ya maji."

"Mbona ulitwambia..."

"Sikuwaambia. Nyinyi mlisema, mimi nikanyamaza." Alijipangusa uso kwa kiganja. "La. Baadaye nilisema na mimi. Nilisema mengi."

Mwanaima alikumbuka babake, Mzee Hamoud, Mungu amrehemu, jinsi alivyochinja mbuzi Ghalib aliporudi na kuwaita majirani, na jinsi alivyokuwa akiwasimulia watu wa msikitini habari za mkwewe. Hayo aliweza kuyameza. Mwanamume kujikweza kidogo mbele ya wakwe si jambo geni. Alilishika koti ili aanze kazi, kisha akalirudisha mapajani, kwa sababu sasa ndipo jambo la pili lilipomjia.

"Na Matano?"

Ghalib alitazama sakafu.

Matano alikuwa mwana wa pekee wa Bi Sheikha, nyumba ya tatu kutoka kwao. Ghalib ndiye aliyemfundisha kukimbia asubuhi asubuhi, akampeleka mwenyewe siku ya kuandikishwa. Aliuawa huko ng'ambo ya mpaka, akaletwa ndani ya sanduku lililopigwa misumari, na maafisa wakawaomba wenyewe wasilifungue. Kwa miaka kumi na miwili Bi Sheikha alikuwa akiishi kwa maneno ambayo mtaa mzima uliyajua: kwamba mwanawe alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwa Ghalib, na kwamba alitamka shahada mara mbili, kwa sauti.

"Hukuwako," alisema Mwanaima.

"Sikuwako."

"Na shahada?"

"Aliniuliza, Mwanaima! Nimetia mguu matangani tu, aniuliza mbele ya wanawake wote, 'Ghalib, mwanangu alitamka?' Ungekuwa wewe ungemjibu hujui?" Akashusha sauti. "Nikasema ndiyo. Kisha lazima niwe nilikuwa karibu, ndipo nisikie. Kisha mwaka uliofuata wakamletea nishani ya marehemu, na utepe wake. Akaniita. 'Niletee na yako niione, wanangu mlikuwa pamoja.' Ndipo nikaenda mjini."

Picha kama ile ya juu ya televisheni ilikuwako pia kwa Bi Sheikha, kando ya picha ya Matano. Na chini yake, kwenye kabati la vyombo, kisanduku kilichofunguliwa chenye utepe wa rangi ya mchanga na mistari miwili myekundu. Bi Sheikha hakujua majina ya tepe, lakini ule aliujua kama anavyojua kitasa cha mlango wake.

"Yuaja Jumamosi," alisema Mwanaima. "Atakaa mbele na mimi. Wewe mwenyewe ulimpelekea kadi."

"Mwambie kadi za wageni zimepunguzwa. Mwambie wamebakisha mke na watoto tu."

Mwanaima alijua hilo lilikuwa neno la aibu. Alilikubali vivyo hivyo, kwa sababu aliogopa.

*

Alikwenda asubuhi ya Ijumaa. Bi Sheikha alimpokea mlangoni mikono imenyooshwa mbele, vidole vimeachana, hina ikikauka.

"Ndoo, mwanangu, ndoo ndani uketi. Usinishike tu, nitakuharibu."

"Shikamoo, Bi Sheikha."

"Marahaba. Angalia huko kitandani, nambia lipi lafaa."

Kitandani palikuwa na magauni mawili na jozi ya viatu vipya, ambavyo Bi Sheikha alisema ameazima kwa mwana wa dadake wa Bombolulu kwa kuwa vyake vimekwisha kisigino. Mwanaima alichagua gauni la zambarau. Alipenda kuanza maneno yake, akaona aanze baada ya kusifia viatu. Alipokwisha kusifia viatu, akaona angoje Bi Sheikha amalize kicheko chake.

"Na jicho?" aliuliza.

"Alhamdulillahi. Tangu kutolewa lile lenge lililofunika mboni, jicho hili laona hata sisimizi. Mwaka jana ningekuja nikaona weupe mtupu, wallahi, nisimjue Ghalib ni yupi. Sasa nitamwona vizuri, yeye na tepe zake." Akaigeuza mikono kutazama hina. "Mwanangu hakuwahi kustaafu, Mwanaima. Hakuwahi hata kupandishwa cheo. Kesho nitajihesabia kwamba nimemuaga yeye pia."

Mwanaima aliomba ruhusa akaondoka. Maneno aliyotumwa alirudi nayo.

Ghalib alikuwa akijiandaa kwenda msikitini, kanzu imeshapigwa pasi. Alimtazama mkewe mara moja tu, akaelewa.

"Sikuweza," alisema Mwanaima. "Baada ya sala utakwenda wewe. Na usiende kumwambia habari ya kadi."

"Nitamuua yule mama."

"Huenda. Lakini mimi sitakaa kitako kando yake kesho, yeye akikutafuta utepe kifuani, mimi namwangalia."

Ghalib alifika mlangoni, viatu mkononi, akageuka. "Nisindikize," alisema.

"Nitakusindikiza."

Ghalib alipokuwa msikitini, Mwanaima alilitandaza lile koti juu ya meza na kufanya kazi yake. Alipima upana wa mfuko kwa rula, akatia nukta ya chaki katikati, akapima tena toka upande wa pili kwa sababu haamini kipimo kimoja. Alizinyoosha zile tepe kwa pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa, akakata kwa mkasi mdogo nyuzi mbili zilizochomoza, akaziambatisha tena kwenye kibao moja moja, akizisukuma kwa ukucha hadi pasionekane upenyo baina yake. Kwanza, upande wa vifungo, ule wa utumishi mrefu wenye mwenendo mwema. Kisha ule wa kumbukumbu ya uhuru, waliopewa askari wote. Wa tatu, buluu na nyeupe, alikuwa haujui. Alitafuta kwenye bahasha ya karatasi za mumewe, akakuta cheti chake: uokoaji wa wanavijiji katika mafuriko ya mto Tana, siku nne, watu thelathini na mmoja. Alikisoma mara mbili. Hakuna mtu pale nyumbani aliyepata kumuuliza habari ya siku zile nne, wala yeye mwenyewe hakuitaja.

Akakipiga pini kibao mahali pake. Tatu zilienea mfuko sawasawa.

*

Bi Sheikha aliwatilia kahawa kwanza. Hilo lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa iliwabidi wainywe. Ghalib alishika kikombe kwa mikono miwili, na alipokiweka chini alikwisha kusema. Hakuzungusha. Alisema hakuvuka mpaka, hakuwako Matano alipopigwa, utepe ulio pichani aliununua, na shahada hakuisikia.

Bi Sheikha aliendelea kumtazama kana kwamba maneno hayajafika. Halafu alimgeukia Mwanaima.

"Na wewe wajua?"

"Tangu jana, Bi Sheikha."

"Jana. Na leo asubuhi ulikaa papo hapo ukinichagulia gauni."

Mwanaima aliinamisha kichwa.

"Basi nambia, Ghalib," alisema Bi Sheikha, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku, "mwanangu wewe ulimwona wapi mara ya mwisho? Au hukumwona kabisa?"

"Nilimwona, mama. Helikopta ilimleta kambini kwetu. Alikuwa ameshakata roho. Hakukuwa na imamu. Waislamu tulikuwa wawili tu pale, mimi na mpishi mmoja. Tulimwosha sisi. Tukamkafini, tukamswalia, ndipo akatiwa sandukuni."

Mwanaima aligeuka kumtazama mumewe. Miaka ishirini na minne ya ndoa, na neno hilo alikuwa hajalisikia.

Kidole cha Bi Sheikha chenye hina kilikuwa kikichora duara juu ya mkeka, kikirudia pale pale.

"Itue ile picha," alisema mwisho.

Ghalib aliinuka, akaitua picha yake ukutani, akabaki ameishika asijue aiweke wapi. Ya Matano ilibaki peke yake.

"Ichukue uende nayo. Nendeni sasa. Nataka kutawadha."

Mlangoni Mwanaima alijaribu kuushika mkono wake. Bi Sheikha hakuuvuta, wala hakuukaza.

*

Jumamosi asubuhi Mwanaima alimvisha mumewe, akamfunga vifungo, akampangusa mabega kwa brashi. Ghalib alijitazama kiooni, kisha akatazama kifua.

"Zimenyooka," alisema.

"Hebu simama vizuri."

Hawakuzungumza jingine. Intisar, binti yao aliyeolewa Bamburi, alifika na mumewe wamependeza, akauliza Bi Sheikha yuko wapi, mbona wasiende naye. Mwanaima alimjibu kwamba atakuja akipenda.

Uwanjani walipewa viti vya mstari wa mbele, chini ya hema. Mwanaima aliuweka mkoba wake juu ya kiti cha kando. Mara mbili akina mama wengine waliuliza kama kina mtu, na mara mbili alisema kina mtu. Bendi ilianza. Wastaafu walipanga safu, watu kumi na tisa, weupe mtupu, na afisa mkuu akapita akiwakagua mmoja mmoja. Alipofika kwa Ghalib alisimama kidogo, akatazama tepe, akauliza jambo akionyesha kwa kidole ule wa buluu na nyeupe. Ghalib alijibu. Afisa alimpa mkono, akaendelea.

"Amemuuliza nini?" Intisar alinong'ona.

"Nitakwambia nyumbani," alisema Mwanaima.

Alipogeuza uso alimwona Bi Sheikha. Alikuwa amekaa mstari wa tatu, kando kabisa, katika gauni la zambarau na buibui juu yake, viatu vipya vimepangwa sambamba. Hakuja mbele. Alikuwa ametoa macho kwenye safu, haangalii pengine.

Gwaride lilipokwisha, watu waliruhusiwa kuwaendea jamaa zao. Meza za chakula zilikuwa zimeshaandikwa, na harufu ya pilau ilifika mpaka hemani. Wenzake Ghalib walimwita kwa kelele, sajini, sajini, njoo mbele, huli na watu leo? Yeye alikuwa akimpa mkono mkwewe alipomwona Bi Sheikha anamjia, pole pole, akichagua pa kukanyaga kwa vile viatu vya kuazima. Mwanaima alisogea akasimama karibu na mumewe. Hakujua kama anataka kumkinga au kumzuia asikimbie.

Bi Sheikha alisimama mbele ya Ghalib. Hakumpongeza.

"Maji yalikuwa ya moto au baridi?" aliuliza.

Ghalib hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. "Ya uvuguvugu, mama. Mpishi aliyapasha."

"Na sanda? Huko porini sanda mlipata wapi?"

"Kulikuwa na mashuka mapya stoo, marobota yamefungwa, hairuhusiwi kuyagusa. Nilifungua moja. Nikaandika kwamba panya wamelitoboa."

"Meupe?"

"Meupe."

"Nani alimfunga kidevu?"

"Mimi, mama."

Bi Sheikha alishika mgongo wa kiti cha plastiki kilichokuwa karibu, akajishusha juu yake kwa uangalifu wa mtu mwenye magoti mabovu. "Miaka kumi na miwili," alisema, "kila nikimfikiria pale sandukuni, namwona na damu yake. Nalijua alitamka, wewe ulinambia. Lakini hakuna aliyenambia kama alioshwa. Nikaogopa kuuliza, nisije nikaambiwa la." Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, kwanza jicho moja, kisha lile la operesheni, kwa kulibonyeza taratibu kama daktari alivyomfundisha. "Wewe ulikuwa nalo neno la kweli, ukanipa lile jingine."

"Nisamehe, mama."

"Sijafika huko." Akakivuta kiti kingine kwa mkono, akakigonga. "Kaa hapa."

Wale wenzake walimwita tena kutoka mezani. Mwanaima aliwapungia mkono waanze kula, wasimngoje. Ghalib akaketi, koti lake jeupe likakunjamana kiunoni, naye hakulinyoosha.

"Anza pale helikopta ilipotua," alisema Bi Sheikha. "Na usiniruke kitu."